Kifua cha Simbilisi

Profesa Mgaya alisoma matokeo akiwa amesimama, miwani mkononi, kama mtu anayesoma wasifu wa marehemu. Chanjo ya mvuke haikuonyesha tofauti yoyote na maji matupu. Simbilisi waliovutishwa mvuke walikuwa hai. Waliovutishwa maji walikuwa hai vilevile, wote wanene, wote wakipiga miluzi kila waliposikia majani yakichambuliwa. Kwa hiyo ama ukungu walioambukizwa ulikuwa umepoteza makali, ama chanjo yenyewe haifai kitu, na hakuna kamati duniani inayoruhusu watu wachanjwe kwa "ama".

"Mradi tunaufunga," alisema. "Poleni nyote. Mmefanya kazi."

Chumba kizima kilishusha pumzi. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya maabara ya Kituo cha Lwangu, huku juu Rungwe, mvua ikipiga bati kama kawaida yake tangu mvua ilipoamua kwamba hapa ndipo kwake na haitaondoka tena. Tangu hapo ukungu uliota kwenye magodoro, kwenye maharage ya akiba, kwenye kuta za makanisa, mwisho ukaingia vifuani mwa watu. Madaktari waliupa jina refu. Watu, baada ya kuona picha za mapafu hospitalini, waliuita pamba, kwa kuwa ndani ya kifua cha mgonjwa kulikuwa kweupe tupu.

Tusekile Mwambene alikaa benchi la nyuma, macho kwenye viatu vyake. Alikuwa na shahada mbili, jina zuri pale kituoni, na michirizi miwili ya mikanda ya fulana ambayo ilikuwa bado haijafutika mbavuni mwake. Na katika chumba kile chote ni yeye peke yake aliyejua kwamba Profesa alikuwa amesoma uongo bila kujua.

Lusajo, daktari wa mifugo, alimgeukia akamgusa bega. "Lakini shahidi wetu tumpongeze jamani. Kavaa tangu mwanzo hadi mwisho, hakunyoosha mkono hata mara moja. Kifua cha chuma hiki!"

Watu wakapiga makofi. Tusekile akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole na mkwewe. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ya kituo ilikuwa ya zege, na yeye aliendelea kukaa pale pale akipigiwa makofi.

*

Sheria ilikuwa nyepesi kuitamka: anayemwambukiza mnyama apumue naye. Ilitungwa baada ya miaka ya makelele kuhusu maabara zilizojaza wanyama na kuwasahau, na utekelezaji wake ulikuwa fulana. Kila simbilisi alishonewa kitambuzi kidogo chini ya ubavu. Vitambuzi vilisema na fulana, na fulana ilikuwa na mikanda iliyokaza na kulegea kwa kufuata pumzi za kizimba kizima. Kizimba kikipumua vizuri, mvaaji alisahau kwamba amevaa kitu. Kizimba kikikosa hewa, naye alikosa. Mvaaji huyo walimwita shahidi.

Sheria haikuwa katili. Shahidi akiona amefika mwisho, alinyoosha mkono mbele ya wenzake. Hapo daktari wa mifugo aliingia, akawalaza wanyama wa kizimba kile kwa sindano ya usingizi, usingizi usio na kuamka, na jaribio likahesabu kwamba wameugua. Basi. Matokeo hayakuharibika hata chembe. Mkono ukipanda, kazi imekwisha.

Vizimba vilikuwa viwili, kimoja kimefunikwa kitenge cha buluu, kingine cha njano. Tusekile hakuambiwa kipi ni cha mvuke na kipi ni cha maji, ili asipendelee. Asubuhi alivaa pumzi za buluu, mchana alivaa za njano. Wakubwa waliotunga utaratibu huo walisahau jambo moja ambalo hata mtoto angeliona: kifua hakifungwi kitambaa machoni. Mara baada ya kuwapulizia ukungu, asubuhi za Tusekile ziliendelea kuwa laini, na michana ikaanza kubana. Alijua bila kuambiwa na mtu. Buluu ni mvuke, njano ni maji, na chanjo inafanya kazi.

Alifurahi mno siku hiyo. Sindano walizojaribu mwaka uliotangulia zilishindwa kwa sababu zilifundisha damu, na pamba haipiti kwenye damu, inaingia na hewa. Mvuke, yaani ukungu uliouawa kwa moto, ukasagwa laini na kuvutwa puani, ulifundisha mapafu yenyewe kumjua adui akiwa bado mlangoni. Profesa Mgaya alikuwa amelisema hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa lilikuwa kweli, na Tusekile alikuwa mtu wa kwanza kulijua, kifuani mwake mwenyewe.

Furaha hiyo ilidumu mpaka mchana uliofuata. Mikanda ilikaza, ikalegea kidogo, ikakaza tena kabla hajamaliza kuvuta hewa. Alifungua kitenge cha njano akawaona wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, hawataki hata majani ya viazi. Yeye alizaliwa katika nyumba ambayo simbilisi walikimbia jikoni kati ya mafiga na miguu ya watu, na mama yake alizoea kusema kwamba simbilisi asiyepiga mluzi akiona majani mchinje leo, kesho utamtupa. Alijua kabisa alichokuwa anakiangalia. Alijua pia kwamba huo ulikuwa mwanzo tu.

Angenyoosha mkono. Lakini mapema vile? Shahidi aliyemtangulia, kijana kutoka Makete, alinyoosha mkono mapema, na tangu hapo watu walipomwona kantini walikohoa kwa utani. Tusekile alikuwa mwanamke wa kwanza kuvaa fulana pale Lwangu. Mama yake aliwatangazia kanisa zima. Aliwaza vicheko vya kantini, akajikaza kisabuni, na mkono wake ukabaki mapajani.

Kwenye kabati kulikuwa na matone ya kuua ukungu, yale ya zamani. Kwa watu hayakusaidia, kwa maana yalifanya kazi pale tu pamba ilipokuwa inaanza kushika, na mtu hujui kwamba imeshika mpaka ukohoe, na ukishakohoa umechelewa. Lakini hawa simbilisi walikuwa hawajakohoa. Aliwaza kuwapunguzia kidogo tu, wapumue, yeye naye apumue, halafu ugonjwa uendelee taratibu. Akatia matone kwenye chupa ya maji ya kizimba cha njano. Mikanda ikalegea. Kesho yake akatia tena, kwa sababu alikwisha onja kulegea kwenyewe, na mtu aliyekosa hewa akionja hewa hana adabu.

Hawakuugua taratibu. Walipona kabisa.

*

Msiba ulikuja masika yakiwa yamekolea, ingawa huko siku hizi masika hayana mwanzo wala mwisho. Aliyefariki alikuwa Subilaga, mke wa kaka yake Ambakisye. Alikohoa juma moja, juma la pili hakuweza kulala chali, na alipofikishwa hospitali picha ilitoka nyeupe. Aliacha mtoto mmoja, Ipyana, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kuzuia mkojo.

Kijiji chao kilikuwa cha kwanza katika orodha ya kuchanjwa, kama mradi ungefaulu. Tusekile alijua hilo kwa sababu yeye ndiye aliyekipendekeza.

Aliingia msibani kichwa kimefunikwa, akakaa na wanawake kwenye majani ya migomba yaliyotandazwa sebuleni. Alilia kama wengine. Akinamama wakamsogelea kumpa pole, na mama yake, ambaye hata kwenye msiba hakuacha kujivunia watoto, akaanza.

"Huyu mwanangu mnayemwona aliteseka kwa ajili yetu. Alivaa kifua cha simbilisi, akapumua ugonjwa wao, ili apate dawa. Dawa imekataa, lakini yeye aliteseka."

"Ndaga mwe," wakaitikia, asante kwa lugha ya kwao, na mmoja, bibi aliyekuwa amezika watoto watatu kwa pamba, akamshika Tusekile mikono yote miwili na kupiga magoti kidogo, akimshukuru. Tusekile aliitoa mikono yake kwa nguvu. Ilionekana kama adabu mbaya, na wanawake wakasema ni uchungu.

Uso umeumbwa na haya, wanasema wahenga, na uso wa Tusekile siku hiyo ulikuwa unawaka mpaka masikioni. Alitoka nje kutafuta hewa akamkuta Ambakisye amesimama chini ya upenu, mtoto amelala begani mwake, mvua inawarukia miguuni. Kaka yake alikuwa mtu wa maneno machache na vicheko vingi. Leo hakuwa na kicheko.

"Mdogo wangu," alisema. "Ile ya kuvuta puani. Imeshindikana kabisa kabisa? Nauliza kwa ajili ya huyu."

"Imeshindikana, kaka."

"Haina hata nusu? Maana hata nusu mimi nachukua."

Tusekile alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, limefika ulimini, na alichotakiwa ni kulitema tu. "Kamati imefunga mradi," alisema.

Ambakisye akatikisa kichwa polepole. "Basi. Nyie mmefanya mlichoweza. Nisikudanganye, nilikuwa natafuta wa kumlaumu, lakini kama mlijaribu na ikakataa, utamlaumu nani? Mungu hashtakiwi." Akambadilisha mtoto bega. "Ingia ndani, utaloana."

Kama kaka yake angemtukana, yeye angeondoka pale akiwa na nafuu. Kumsamehe bila kujua anasamehe nini ndiko kulikomchana. Tusekile alifunika kichwa tena, akarudi ndani kukaa na wanawake.

*

Profesa Mgaya alikuwa anafungasha vitabu ofisini mwake Tusekile alipoingia. Hakumkaribisha kiti, kwa sababu viti vyote vilikuwa na maboksi.

"Shikamoo, Prof."

"Marahaba. Pole na msiba, binti. Nimesikia leo asubuhi."

"Prof, chanjo inafanya kazi."

Mzee aliweka kitabu chini. Tusekile akasema yote akiwa amesimama, bila kupamba: michana iliyobana, kabati, matone, chupa ya njano.

"Uliwahurumia wanyama," Profesa alisema. Alikuwa anamfungulia mlango, na Tusekile aliuona mlango huo, mpana, wenye heshima, ambao angepita na watu wangeelewa. Magazeti yangeandika kuhusu mwanasayansi mwenye moyo.

"Hapana, Prof. Laiti ingekuwa huruma. Ningewahurumia ningenyoosha mkono, wangelazwa, wasingeteseka tena. Nilihurumia kifua changu. Na niliogopa kuchekwa."

"Kuchekwa."

"Ndiyo, Prof."

"Subilaga ni wifi yako?"

"Ndiyo."

Profesa alikaa juu ya boksi la vitabu. Alikuwa mtu mwenye hasira za karibu, kituo kizima kilimjua, na Tusekile aliingoja ile sauti karibu kwa hamu. Haikuja. Alivua miwani akayasugua macho kwa viganja, na alipoongea sauti ilikuwa ya chini sana.

"Miaka thelathini, Tusekile. Nimeanza na panya, nikaja sungura, nikaishia kwa hawa simbilisi kwa sababu mapafu yao ndiyo yanayougua kama yetu. Niliposoma yale matokeo niliamini kwamba nimepoteza maisha yangu. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama watoto hivyo hivyo." Akavaa miwani. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa kimeumbua, ila hakikumchukua mwenye kuficha. Kimechukua mtu wa watu."

"Tulirudie jaribio, Prof. Nitavaa mimi. Nitakaa nayo mpaka mwisho, sitonyoosha mkono hata nikizimia."

"Bado hujaelewa!" Hapo sauti ilipanda kidogo. "Nani alikutuma usinyooshe? Na fulana huigusi tena, wewe unaijua sheria. Aliyeharibu ushahidi havai, hapulizi, haingizi mkono kizimbani. Utasafisha sakafu kama utapenda kubaki."

"Sasa nani atavaa? Yule wa Makete amehama."

"Mimi."

"Prof, umri wako…"

"Umri wangu umekuuliza kitu?" Akaanza kutoa vitabu kwenye maboksi na kuvirudisha rafuni, kimoja kimoja. Tusekile alisogea amsaidie, akazuiwa kwa kiganja.

*

Walilirudia jaribio mbele ya wajumbe wawili wa kamati, vizimba viwili, vitenge vilevile. Tusekile alikubali ufagio. Alipiga deki korido, akafua matambara, na kila mchana alisimama nyuma ya kioo cha mlango akimwangalia mzee ndani ya fulana, kwenye kiti cha mbao kando ya kitenge cha njano.

Mwanzoni Profesa alisoma gazeti. Baadaye gazeti likakunjwa. Kisha likaja lile ambalo Tusekile alikuwa akilijua: mabega yakapanda, shingo ikatoka mishipa, mdomo ukawa unavuta hewa kwa pumzi fupi fupi za haraka ambazo si za mtu. Alizihesabu bila kutaka. Kifua chake mwenyewe kilibana pamoja naye, bila fulana yoyote.

Alidhani mzee atashindana. Alikuwa amejiandaa kumwona akishindana mpaka anyong'onyee, na moyoni, aibu nyingine tena, alikuwa anangoja hilo, ili ionekane kwamba kuvumilia kunamshinda yeyote.

Profesa Mgaya alinyoosha mkono.

Aliunyoosha mapema, wima, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Wajumbe wa kamati walikuwa pale, Lusajo alikuwa pale, wasaidizi wa maabara walikuwa pale. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekohoa kwa utani. Lusajo aliingia na bomba lake la sindano, akafunua kitenge, akawashika mmoja mmoja, akawalaza, na mikanda ya fulana ikalegea kidogo kidogo mpaka ikaning'inia. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

"Asante," Profesa alisema alipopata pumzi. "Ilikuwa mbaya sana."

Walipowapasua, mapafu ya njano yalikuwa meupe. Wa buluu walikuwa wanapigana miluzi wakigombea majani. Mjumbe mmoja wa kamati alisaini pale pale, akiwa amesimama. Watu walikumbatiana. Lusajo alilia waziwazi. Tusekile alisikia shangwe hizo kutoka koridoni, akafurahi, furaha ya kweli iliyompanda mwili mzima, na papo hapo akaona hana pa kuipeleka. Akaegemeza ufagio ukutani, akatoka hadi barazani, akampigia kaka yake.

"Kaka. Imekubali."

"Nini imekubali?"

"Chanjo. Ya kuvuta puani. Kijiji chetu kitaanza. Mtoto atapona, yaani hataugua. Hataugua, kaka."

Alimsikia Ambakisye akipiga kelele ya furaha, akimwita mama, akimwambia Ipyana maneno ya kitoto. Kisha akarudi kwenye simu, anahema. "Ashukuriwe Mungu. Mmetengeneza nyingine?"

Hapo angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na wao wangebaki ndugu kama zamani.

"Hapana, kaka. Ni ile ile."

"Ile iliyokataa?"

"Haikukataa. Mimi niliharibu jaribio. Niliwapa dawa wale wasiochanjwa, kwa siri, kwa sababu fulana ilinibana na niliona haya kusema. Ilikuwa inafanya kazi tangu siku ile ya kwanza."

Nyuma ya kaka yake mama yao alikuwa anapiga vigelegele, hajajua kitu, na mtoto alikuwa anamwiga.

"Kwa hiyo Subi," alisema Ambakisye.

"Ndiyo, kaka."

"Ulikuja msibani. Nikakwambia ingia ndani utaloana."

"Ndiyo."

Alimngoja. Alitaka atukanwe, matusi ya mama na baba, matusi ambayo mtu hayasemi kwa dada yake. Ambakisye alikuwa anapumua tu upande ule, pumzi nzito za mtu mzima anayejizuia.

"Mtoto nitamleta," alisema mwishoni. "Siku mtakayosema nitamleta. Ila wewe usiwepo."

Alimleta Alhamisi, mvua ikinyesha, Ipyana amefungwa mgongoni kwa kanga ya mama yake marehemu. Tusekile alikuwa chumba cha simbilisi, amejifungia mlango, anasugua vizimba vitupu. Kupitia ukutani alimsikia mtoto akilia kidogo walipompulizia mvuke puani, akanyamaza, akacheka. Akasikia sauti ya kaka yake ikimshukuru kila mtu kwa jina: Profesa, Lusajo, muuguzi, mlinzi wa getini. Aliacha kusugua, akasikiliza mpaka hatua zikaishia nje. Kisha akamwaga maji machafu, akachota mengine.